Mpaka Hadithi ya Fundi Iishe

Tarehe 4 Juni
Mwaka mmoja, miezi miwili na siku tisa tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Barua yako ilinikuta nimelala na viatu. Nimeisoma mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo nilisinzia katikati. Si kwa kuichoka, ni mwili tu.

Umeuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana mama anawatangazia watu kwamba mwanawe anapigana mieleka. Mwambie hapana. Wanaopigana ni wengine, mimi naujenga ulingo wanapopigana. Mihimili ya chuma kumi na miwili, mbao arobaini, juu ya mbao sponji, juu ya sponji turubai, halafu kamba tatu kila upande. Tunaufunga asubuhi, wanapigana alasiri, tunaufungua, tunaupakia kwenye lori, tunahamia mji mwingine. Chini ya mbao tunaficha kipaza sauti, ili mtu akianguka isikike kama ukuta umebomoka.

Na siri nyingine, hii usimwambie mama: mshindi anajulikana kabla ya mechi. Kuna bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, tunamwita Mtunzi. Yeye ndiye anayeandika nani amlaze nani, kwa njia gani, dakika ya ngapi. Karatasi yake hubandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Aliyeandikiwa kushindwa atalazwa mabega chini, mwamuzi atapiga sakafu mara tatu, basi. Maumivu ni ya kweli. Ushindi tu ndio wa kupangwa.

Sasa nikuchekeshe. Jumamosi alikuwa anapigana bingwa wao, Chuma. Shingo yake ni kiuno changu. Katikati ya mechi nikasikia ubao umelia, ka! Nikajua ni ule wa saba kutoka kona. Mtu akitua pale tena, mguu utazama mpaka pajani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba fundi hatakiwi kuonekana na watazamaji. Nikachukua nyundo, boksi la misumari na pima maji, nikapanda ulingoni mbele ya watu elfu nne. Nikawaambia, "Samahanini wakubwa, sogeeni kidogo niwatengenezee, msije mkaumia."

Chuma akanifokea, akalipiga teke boksi langu. Misumari ikatapakaa. Nikasahau kabisa ninasema na nani. Nikamwambia vile ninavyowaambia wanangu: "Okota. Mtu atakanyaga."

Na Chuma, mke wangu, Chuma mwenyewe, akainama akaokota msumari mmoja kabla hajakumbuka kwamba yeye ni bingwa.

Watu walicheka mpaka kamba zikatetemeka. Nilijua nimefukuzwa kazi. Mtunzi akaniita, akafuta miwani yake, akasema niende nikanywe chai.

Mkataba wangu unaisha msimu ukiisha, mwezi wa kumi. Novemba nitakuwa nyumbani.

Mumeo


Tarehe 15 Juni

Baba Watoto,

Barua yako nimeisomea kwenye cherehani, matokeo yake nimeshona mkono wa blauzi ya mteja ukaziba. Nimeufumua huku nacheka, mteja akadhani namcheka yeye.

Mama yako hakucheka. Anasema mtu mzima kupiga teke misumari ya mwenzake ni kukosa malezi, na ungemzaba kofi. Nikamwambia mama, haya mambo yamepangwa. Akaniuliza, "Na ubao nao ulipangwa uvunjike?" Sasa kila akiomba dua anamtaja Chuma, na si kwa wema.

Nikuambie kitu. Ningekuwa mimi huyo Mtunzi, nisingeliacha liishie hapo. Fundi gani anapiga msumari halafu harudi kuangalia? Wiki ijayo Chuma yuko kwenye mbwembwe zake, kainua mikono, fundi anapanda tena taratibu: "Nimekuja kuuangalia ule ubao unaendeleaje." Hamtukani, wala hamgusi. Anapima tu. Anamwambia simama hapa, ruka kidogo, sogea kushoto. Bingwa anafoka, lakini anasogea. Watu hawakuchekea misumari. Walichekea mtu wa kazi kumpa amri mkubwa, na mkubwa kutii kwa sababu ubao umevunjika na yeye hajui kuutengeneza.

Usimpige kamwe. Ukimpiga utakuwa mwanamieleka kama wengine, na wengine wapo tele.

Haya, najisemea tu. Binti yako mkubwa amekuwa wa pili darasani, mdogo amekuwa wa kwanza kwa kelele. Kula vizuri.

Mkeo


Tarehe 29 Juni
Mwaka mmoja, miezi mitatu na siku tatu tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Umeniingiza kwenye mambo.

Unajua mimi nasoma kwa mdomo, shule niliiacha mapema na macho peke yake hayanitoshi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nakunywa chai, naisoma barua yako. Nilipofika kwenye "sogea kushoto" nikasikia sauti nyuma ya pazia: "Rudia hapo." Alikuwa Mtunzi. Nikarudia. Akasema, "Endelea." Nikamwambia kinachofuata ni habari za watoto. Akasema niendelee tu.

Jumamosi iliyofuata tukafanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Chuma aliposogea kushoto, bibi mmoja mstari wa mbele alisimama juu ya kiti. Nilitoka pale nimetabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Mtunzi akamwambia Bi Mkubwa, mwenye kampuni, kwamba wazo ni lake. Nikamwachia. Yule bwana ana watoto na mawazo yamemkauka, anaonekana.

Bi Mkubwa akaniletea karatasi ya kusaini ili niruhusiwe kupanda ulingoni, maana hapo kabla nilikuwa mtu wa mbao tu. Lori lilikuwa linanguruma, wenzangu wananiita, nikasaini juu ya mgongo wa dereva.

Andika lingine. Mtunzi anauliza posta inafunguliwa saa ngapi, na anataka nivae kofia ya kuchekesha.

Novemba nitakuwa nyumbani.

Mumeo


Tarehe 10 Julai

Baba Watoto,

Mwambie Mtunzi nimemsamehe, lakini asibadilishe neno. Unasema anataka uvae kofia ya kuchekesha. Hapana. Vaa nguo zako za kazi, zile zile chafu. Siku utakayovaa kofia ya kuchekesha, nafunga kalamu.

Sasa sikiliza. Chuma amezoea kufoka. Mwezi huu aanze kuwa na wasiwasi. Akitaka kuruka, kwanza autazame ubao. Akitaka kumnyanyua mtu, akukonyeze kuuliza kama pako sawa. Wewe uko chini umekaa kwenye ndoo, unatikisa kichwa: bado. Anamshusha mtu, anamsogeza, anamnyanyua tena. Wiki ya pili mpinzani wake naye akuulize. Wiki ya tatu mwamuzi. Mwisho watu wote ulingoni wanakutazama wewe, na wewe unakula mkate.

Wateja wangu wanaacha nguo zao hapa makusudi ili warudi kusikia kimetokea nini. Mama yako huwaongoza katika kumlaani Chuma.

Jambo la mwisho, na hili si la mchezo. Ulisaini nini? Ninakilie hiyo karatasi, neno kwa neno.

Mkeo


Tarehe 2 Agosti
Mwaka mmoja, miezi minne na siku saba tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Watu sasa wanakuja na nyundo za maboksi. Elfu sita jana. Nikinyanyua mkate, wananyanyua nyundo. Nilisahau kuutafuna.

Lakini ndani huku kumechafuka. Juzi Chuma aliitisha kikao chumba cha kubadilishia nguo. Alikuja na mkataba wake umekunjwa mkononi.

"Mimi ni bingwa mwaka wa tisa," akasema. "Hapa imeandikwa: mechi yangu ya mwisho wa msimu itaisha vile nitakavyoridhia mimi. Sasa kila wiki naambiwa sogea kushoto! Nani anaandika upuuzi huu?"

Mtunzi akaanza kufuta miwani. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Mke wangu."

"Mkeo ni nani?"

"Fundi cherehani."

Chuma akakaa kitako. Benchi likalia, nikaliweka akilini nilikaze. "Fundi cherehani," akasema, "ndiye amenifanya nizomewe na watu elfu sita?"

"Ndiye."

"Mwambie anikome."

Akatoka, akaubamiza mlango. Hatujamaliza kucheka, mlango ukafunguka, kichwa chake kikarudi peke yake. "Wiki ijayo kaandika nini?"

Si mtu mbaya. Goti la kulia linamsumbua na hataki ijulikane, ila mimi ndiye ninayeweka ngazi, naona. Nimezipunguza kimo kidogo. Hakusema asante. Alizipanda, akashuka, akazipanda tena, akanitazama, akaenda zake.

Hapa wana desturi nzuri. Anayeondoka huondoka chali. Mechi yake ya mwisho lazima ashindwe, ili wanaobaki wapate cha kubaki nacho. Juzi aliondoka mzee mmoja, alilazwa na kijana ambaye ndio kwanza ameanza, na kijana akalia kuliko mzee.

Kurasa zimeisha. Novemba nitakuwa nyumbani, nadhani.

Mumeo


Tarehe 13 Agosti

Baba Watoto,

Umeniandikia kurasa nne, za mkate, ngazi na mzee aliyelia. Karatasi niliyoiomba haimo. Na mwishoni umeandika "nadhani".

Mkeo


Tarehe 25 Agosti
Mwaka mmoja na miezi mitano kasoro siku moja tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Nilikuwa nimeshaisoma, ndiyo maana sikukunakilia. Niliona aibu. Hii hapa:

"Mhusika Fundi ataitumikia kampuni mpaka hadithi yake itakapokwisha. Ruhusa ya kuacha kazi, tiketi ya kurudi kwao na malipo ya msimu vitatolewa hapo."

Nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Ofisi yake ni ya magurudumu, inavutwa nyuma ya lori la pili. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniita baba. Nikamwambia, msimu ukiisha naomba niende. Akacheka vizuri tu.

"Baba, una haraka gani? Hadithi yako ndiyo kwanza imechanganya. Kuna msimu ujao, na unaofuata."

"Lakini itakwisha lini?"

"Watu wakichoka."

"Na wasipochoka?"

"Basi tushukuru, baba."

Mtunzi alikuwepo, ameinamisha kichwa. Nje akaniambia ameshaambiwa asiandike mwisho wowote. Akiuandika, anafukuzwa yeye.

Kwa hiyo mambo ndiyo hayo. Kila Jumamosi nikipendwa, najifungia mlango mwenyewe. Nimejaribu kuchekesha kidogo tu, haikusaidia, walicheka zaidi.

Leo siandiki narudi lini.

Mumeo


Tarehe 6 Septemba

Baba Watoto,

Usione aibu. Nililia siku moja, siku ya pili nikaisoma tena ile sentensi. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua zako za uchumba. Imesema utakaa mpaka hadithi iishe. Haikusema nani anaimaliza. Aliyeiandika alikuwa na haraka kama wewe uliyeisaini.

Bi Mkubwa hataki iishe. Mtunzi hathubutu. Wewe ulingoni huna kauli. Nikajiuliza, huko kwenu nani anataka uondoke kuliko hata mimi mkeo? Tena mwenye mkataba unaosema mechi ya mwisho wa msimu itaisha atakavyo yeye?

Kwenye bahasha hii kuna barua ya pili. Mpe Chuma mkononi. Usiifungue. Na nakuomba sana, usiisome kwa mdomo.

Mkeo


Tarehe 6 Septemba

Bwana Chuma,

Hatujuani, ingawa nimekuagiza usogee kushoto mara nyingi. Mimi ndiye fundi cherehani.

Nakuomba umshinde mume wangu. Kwenye mechi ya mwisho wa msimu, mbele ya watu, mabega chini, sakafu ipigwe mara tatu, na sharti litangazwe mapema kwamba atakayeshindwa hakanyagi tena ulingo. Mkataba wako unakupa haki hiyo na hakuna wa kukuzuia. Aondoke chali, kama desturi yenu. Hadithi yake itakuwa imekwisha, na karatasi aliyosaini inasema ikiisha anarudi kwake.

Najua utakalojiuliza. Ukimlaza mtu anayependwa hivyo watu watakuona mwonevu, na msimu ujao utabaki na nani? Nimelifikiria. Kwa mechi hii nimeandika namna ya kumshinda bila kumwonea, iko ukurasa wa pili. Kwa msimu ujao nimeandika hadithi yako wewe. Si ya fundi. Ya Chuma.

Ila nimeandika nusu. Nusu ya pili naweza kuiandika mume wangu akiwa amekaa mezani hapa nilipo. Akiwa mbali kalamu haiendi.

Mama mkwe anakusalimu. Si kweli, lakini nimeona niandike hivyo.

Mke wa Fundi


Tarehe 21 Septemba
Mwaka mmoja, miezi mitano na siku ishirini na sita tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Umemwandikia nini Chuma?

Nimempa barua, akaenda kuisomea chooni, akakaa saa nzima. Alipotoka akaniuliza kama wewe huwa unaandika kwa kukaa au kwa kusimama. Kesho yake akaniuliza unapenda barua fupi au ndefu. Juzi kanishika bega, kanitazama machoni, akasema, "Nitakulaza vizuri, ndugu yangu." Mimi ndugu yake tangu lini?

Wenzangu wa lori wanasema ataniumiza. Mimi nadhani umemtukana na amepagawa. Kama umemtukana, nieleze ni tusi gani, nijue naombea radhi kitu gani.

Halafu ametangaza kwa Bi Mkubwa mechi ya mwisho ni mimi na yeye, atakayeshindwa hakanyagi tena ulingo. Bi Mkubwa amechukia, lakini mkataba ni mkataba. Sijawahi kupigana na mtu. Najua kupiga mbao.

Kama narudi, sijui narudi mzima au vipande.

Mumeo


Tarehe 23 Septemba

Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika. Hii ni mara ya nne naanza.

Miaka tisa karatasi mlangoni inasema kitu kimoja: Chuma anashinda. Kila wiki. Watu wanadhani ni raha. Shemeji, nilikuwa napanda ngazi kama anayekwenda kuchota maji. Watazamaji walikuwa wananishangilia huku wanatafuta viti vyao. Tangu fundi wako apande na nyundo yake, wananizomea mpaka masikio yanaziba, na ninarudi ndani nimeshiba. Nilikasirika kwa sababu sikujua kama nafurahi.

Nimekubali yote. Ukurasa wa pili nimeukariri.

Sharti langu: msimu ujao wewe ndiye utakayeniandikia, huko huko kwako, kwa barua. Nitalitia kwenye mkataba wangu mpya kwamba hakuna atakayebadilisha neno bila kukuuliza, na utalipwa kama anavyolipwa Mtunzi. Bi Mkubwa akikataa, na mimi nakataa. Na mimi nikikataa huwa nachukua nafasi kubwa.

Nimemzuia mumeo asijue mengi. Uso wake hauna siri, Bi Mkubwa angemsoma kama tangazo. Nisamehe kwa kumtia hofu.

Hiyo nusu ya hadithi uliyonayo, niambie kitu kimoja tu. Nashinda?

Chuma


Tarehe 4 Oktoba

Shemeji Chuma,

Hushindi. Utapenda.

Mke wa Fundi


Tarehe 30 Oktoba
Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani

Mama Watoto,

Keti. Kama una nguo ya mtu kwenye cherehani, itoe.

Jumamosi walikuja watu elfu tisa. Waliokosa viti walisimama kwenye vijia. Ulingo niliufunga mimi mwenyewe, bolti moja moja, sikutaka mtu anisaidie. Nilikuwa naogopa, lakini nilisema kama nitapigwa, nipigwe kwenye kazi nzuri.

Tulipokuwa tunasubiri nyuma ya pazia, Chuma akaninong'oneza mambo yote. Barua yako, ukurasa wa pili, sharti lake. Nikasema, "Kumbe hukupagawa?" Akasema, "Nimepagawa, lakini si hivyo."

Tukafanya ulivyoandika. Mimi napima, yeye ananifuata. Mimi nahama, yeye ananifuata. Akininyanyua, ananiuliza kwa sauti watu wasikie, "Hapa pako sawa?" Namwambia bado. Ananibeba mpaka kona nyingine, "Na hapa?" Nikamwambia bado kidogo. Amenibeba kuuzunguka ulingo wote kama mtu anayetafuta pa kuweka kabati. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Mwisho nikamwambia, "Hapa ndipo imara." Akanilaza pale pale, taratibu, mabega chini. Kumshinda mtu mahali alipopachagua mwenyewe! Hakuna aliyezomea. Walipiga makofi.

Mwamuzi akapiga sakafu. Moja. Mbili.

Hakupiga ya tatu.

Nikafumbua jicho. Mwamuzi kashika kifundo cha mkono, anajikunja, eti ameteguka. Nikamwona Bi Mkubwa pembeni ya pazia, ametulia kabisa, nikaelewa. Aliongea naye mapema. Bila ya tatu sijashindwa, bila kushindwa hadithi haijaisha. Mke wangu, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kipaza sauti chini ya mbao. Nadhani ulisikika.

Hilo hukuliandika wewe, na Mtunzi hakuliandika. Chuma akanikandamiza na mkono mmoja, akaninong'oneza, "Usinyanyuke, hata ukiona nyumba inaungua." Akainua kichwa. Hakuomba kipaza sauti, ile sauti yake haihitaji.

"Huyu mtu ana mke!" akapiga kelele. "Ana watoto wawili na mama! Nimemshinda, anataka kwenda nyumbani kwake, na mwamuzi mkono umemuuma! Nani anajua kuhesabu?"

Elfu tisa, Mama Watoto. Walianza tena tangu mwanzo, hawakutaka kudokoa ya mwamuzi. Nyundo zao za maboksi zikapiga viti kwa pamoja. MOJA. Nilihisi mbao zangu arobaini zinapokea ile sauti kutoka chini. MBILI. Nikasema, Mungu wangu, kumbe hawa watu wananipenda kiasi cha kuniacha niende. TATU.

Nilikuwa nimelala chali, juu yangu taa, na mkono wa Chuma kifuani mzito kama gunia. Sijawahi kulala kwa raha hivyo tangu nitoke nyumbani. Chuma akaniambia sasa naweza kuamka. Nikamwomba dakika moja zaidi.

Ndani, Bi Mkubwa alikuwa amewaka.

"Hesabu ya watazamaji haipo kwenye kanuni!"

"Kawaambie wao," Chuma akasema. "Hawajaondoka."

Bi Mkubwa akachungulia kwenye pazia. Walikuwa bado wamesimama, wanasema nyumbani, nyumbani, nyumbani. Alipogeuka uso ulikuwa umebadilika, wa mtu anayepiga mahesabu na kuyapenda. "Huyo mwanamke," akamwambia Mtunzi, "na hili la kuhesabu aliliandika yeye?" Mtunzi kwa mara ya kwanza akasema ukweli bila kufuta miwani. "Hapana. Hili ni la Chuma mwenyewe." Chuma akaona haya, akajifanya anatafuta soksi.

Bi Mkubwa amesaini yote. Tiketi ninayo, nimeishonea ndani ya koti kwa mkono wangu, utakapoiona usicheke mshono. Mkataba wako nao ninao, wa msimu mzima, na safari hii nimeusoma kwa mdomo mara mbili mbele ya mashahidi, neno kwa neno. Hakuna atakayebadilisha kitu bila kukuuliza. Mtunzi anakuomba umtumie kazi mapema kidogo, na umsahihishe zake, anasema yuko tayari kujifunza. Chuma anauliza hiyo nusu ya pili. Kila siku anauliza. Nimemwambia nitakapokaa mezani.

Mwambie mama kwamba mwanawe alishindwa kihalali na aache kumlaani bingwa, sasa ni shemeji. Akikataa, mwache.

Wenzangu wa lori waliniuliza nitafanya kazi gani nikifika. Nimewaambia mke wangu ana hadithi za kuandika, mimi nitashona vifungo.

Nashuka kituoni Jumanne tarehe 12 Novemba, mchana.

Mumeo